Sasisho, Toleo na Kiraka: Uhakiki wa Istilahi

Neno "sasisha" limekubalika upesi katika nyaraka za ofisi na vitabu vya kompyuta, nasi hatuna ugomvi na asili yake: limeundwa kutokana na "sasa", nalo lanyambulika kwa kanuni za lugha yetu. Ugomvi wetu ni juu ya nomino yake, "sasisho", ambayo wafasiri huitumia kwa vitu viwili visivyofanana.

Kitu cha kwanza ni programu nzima iliyotolewa upya. Cha pili ni tofauti tu baina ya msimbo chanzo wa zamani na ule mpya, yaani mistari iliyofutwa na mistari iliyoongezwa. Mwenye nakala ya zamani akiletewa tofauti hizo, kompyuta yake huzitia mahali pake, naye akapata msimbo mpya kamili.

Je, kuchanganya vitu hivi kuna madhara gani? Tumchukue mwalimu wa Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, apataye intaneti kwa simu. Kasi ikiwa kilobiti 64 kwa sekunde, programu ya megabaiti 100 itamchukua saa tatu na nusu hivi. Tofauti ya kilobaiti 200 itamchukua sekunde 25. Mawasiliano yakikatika katika saa ya tatu, huenda akalazimika kuanza upya. Mwongozo unaomwambia "pakua sasisho" haumwelezi ni shehena ipi inayomngoja. Akikata tamaa, atabaki na kasoro zilizokwisha kurekebishwa, na sehemu ya lawama itakuwa yetu sisi tuundao istilahi.

Wala hofu hii si ya kubuni. Mnamo Mei 2024, mafuriko yaliyoandamana na Kimbunga Hidaya yaliikata barabara ya Kusini huko Somanga. Tarehe 12 ya mwezi huo huo mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ikapata hitilafu, na intaneti ikayumba nchini. Mwezi mmoja ulitosha kuonyesha udhaifu wa njia zote mbili.

Kwa hiyo twapendekeza "toleo" kwa programu nzima, na "kiraka" kwa tofauti. Larry Wall alipotoa mwaka 1985 programu yake ya kutia tofauti katika msimbo, aliipa jina la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo. Wapo watakaosema kwamba kiraka ni neno la ufukara. Sivyo. Fundi wa mashua haundi chombo kipya kwa ajili ya ubao mmoja uliooza. Huutoa, akatia mwingine na kukalafati. Nao wapenzi wa kandanda humsifu "mchezaji kiraka", awezaye kucheza nafasi nyingi.

Tena neno hili laonya. Kiraka hukatwa kwa kipimo cha tundu; kadhalika kiraka cha programu hulifaa toleo kilichotengenezewa. Mwongozo hauna budi kutaja namba ya toleo hilo, na viraka vikiwa vingi, utaje pia mfuatano wake.

"Sasisha" libaki kuwa kitenzi cha tendo lote. Lakini mfasiri aandike "sasisha kwa kiraka" au "sasisha kwa toleo jipya", ili mwalimu wa Msimbati ajue, kabla hajatumia salio lake, kama kazi iliyo mbele yake ni ya dakika moja au ya usiku kucha.