Mstari Mmoja wa Hali ya Hewa ya Bunia

FZKA 091200Z 20005KT 9999 SCT025 25/17 Q1017 NOSIG

Mstari huu nimeuunda mwenyewe, ila kila kundi lake linafuata kanuni za METAR, taarifa ya hali ya hewa inayosomwa na marubani dunia nzima. FZKA ni uwanja wa ndege wa Bunia. Ni tarehe 9, saa nane mchana ya Bunia, ikiandikwa kwa saa za UTC. Upepo unatoka nyuzi 200 kwa noti 5, jicho linaona kilomita 10 au zaidi, mawingu yametawanyika futi 2,500 juu ya uwanja, joto 25, kiwango cha umande 17, kanieneo ya hewa hektopaskali 1017. Yote hayo kwa alama 50, nafasi zikiwemo. Hakuna kitenzi hata kimoja, na bado hautatanishi.

Siri yake ni mahali. 25 na 17 hazina majina. Iliyo kushoto mwa mshazari ni joto, iliyo kulia ni umande. Baridi ya chini ya sifuri ina herufi yake, M, lakini huandikwa inapohitajika tu. Bunia, jirani wa ikweta, hailipii herufi hiyo kamwe.

Wahandisi wa mitandao ya vihisi visivyo na waya wanalitafuta umbo hilohilo la kusema mengi kwa alama chache. Tuseme vihisi vimepangwa kutoka Bunia kuteremka hadi Kasenyi, ufukoni mwa Ziwa Albert, kila kimoja kikimpokeza jirani yake. Kilicho karibu na kituo cha kukusanyia hubeba mzigo wa vyote vilivyo nyuma. Vikituma kwa pamoja, pakiti hugongana, hutumwa upya, na kule kutuma upya ndiko kunakozidisha msongamano. Kubana data hupunguza mzigo kabla haujaingia njiani: badala ya 251, 252, 252 (joto kwa sehemu za kumi), hutumwa 251, kisha tofauti tu, +1, 0. Namba ndogo hula biti chache. Ila pakiti moja ya tofauti ikipotea, kila kipimo kinachofuata huweza kuwa na kosa mpaka namba kamili itumwe tena.

Ninalolirudia mimi ni neno la mwisho la mstari ule wa METAR. NOSIG: hakuna badiliko kubwa linalotazamiwa katika saa mbili zijazo. Mbanaji mwenye pupa angelifuta hilo kwanza, kwa kuwa halina jipya. Angekosea sana. Hapa METAR haikubali ukimya uachwe ujifasirie: hata kipimo kilichokosekana huandikiwa mishazari, //, ili pengo lisidhaniwe kuwa utulivu.

Vihisi vingi hupangwa vitume pale tu kipimo kinapobadilika. Njia hufunguka, ni kweli. Lakini kihisi kilichoishiwa betri sasa kinafanana kabisa na kihisi kilichotulia. Mtu wa Bunia mwenye jamaa katika eneo jirani la Djugu, tangu mapigano yaliporudi huko Desemba 2017, anaijua hali hiyo: simu isiyolia haijamwambia kwamba wamelala salama. Kwa hiyo kutuma badiliko pekee ni umbo lenye kasoro mpaka liongezewe ishara ya uhai, fupi, inayorudi kila baada ya muda uliopangwa. Mstari wa Bunia huigharamia herufi tano. Kihisi cha Kasenyi kingeibeba kwa biti moja ndani ya pakiti.