Jibu si Mwito

Kundi limenyamazishwa, "daima" imechaguliwa, na bado simu inalia. Kila mwenye makundi ya ukoo Mikelenge, mjini Kindu, anaijua kero hiyo, na kosa si lake. Ni la WhatsApp, iliyoamua kwamba ndani ya kundi lililonyamazishwa anayejibiwa apigiwe kengele sawasawa na anayetajwa kwa jina.

Uamuzi huo ni mbovu, na ubovu wake uko wazi. Kumtaja mtu ni tendo la makusudi: mwandishi anaandika @, anatafuta jina, analigusa. Anamtaka mtu huyo aje. Kujibu ni jambo jingine kabisa. Kidole kinasukuma ujumbe kulia, nukuu inakaa juu, na kinachoandikwa chini yake mara nyingi kinawahusu wote. Nukuu ipo ili wengine wajue maneno yameanzia wapi. Mambo mawili, kengele moja.

Tazama kundi la msiba. Mtu wa Mikelenge anaandika "Poleni sana". Ndugu aliye Kinshasa anaunukuu ujumbe huo na kuandika "Amina", wa Goma vilevile, wa Kisangani anaushika uleule kutangaza michango. Wawili wanaanza kugombania hesabu, nao kila mara wanarudi kuisukuma ile "Poleni sana" kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kidole. Aliyetoa pole hakuulizwa lolote, lakini simu yake inawaka na kuwaka tena. Kindu umeme si wa kutegemea, wengi hulipia kuchajisha. Skrini ikiwaka bure, betri inakwenda bure.

Njia ya kujinasua ni kumnyamazisha kila anayekujibu, mmoja mmoja, kwenye mazungumzo yake ya binafsi. Yaani ili usiisikie "Amina" ya mjomba kundini, ukubali pia kutosikia mjomba akikuandikia wewe mwenyewe kwamba mama anaumwa.

Kunyamazisha daima (Oktoba 2020) na kutoka kundini kimyakimya (2022) ni kazi nzuri. Lakini Julai 2021, yalipofanywa mazungumzo yaliyowekwa kwenye kumbukumbu yatulie humo hata ujumbe mpya ukiingia, mwanya uleule ukaachwa: ukijibiwa, arifa inakufuata. Mwaka 2022 ukubwa wa makundi ukapandishwa kutoka watu 256 hadi 512, kisha 1,024. Wanaoweza kukunukuu wakawa mara nne. Kitufe cha kuwazuia, hakuna. Aprili 2025 zikaja arifa za mambo muhimu tu, na majibu yakahesabiwa tena kuwa muhimu. Muhimu kwa nani?

Zamani watu waliliweza jambo hili kwa vyombo duni zaidi. Mwaka 1984 Larry Wall alitoa rn, programu ya kusomea Usenet, mtandao wa mijadala wa enzi hizo: msomaji akibonyeza k, ujumbe wote wa mada hiyo unaondoka mbele yake, akibonyeza K, programu inakumbuka siku zijazo. Ilikuwa skrini ya maandishi matupu, wala hakukuwa na kampuni ya mabilioni nyuma yake. Twitter nayo, Novemba 2016, iliruhusu kunyamazisha mazungumzo mamoja bila kumgusa mtu wala kundi. WhatsApp ni walewale wa tiki za bluu za Novemba 2014, walizozileta bila njia ya kuzizima mpaka watumiaji walipopiga kelele.

Na wasiseme haiwezekani. Viemoji vya kuitikia ujumbe, vilivyoingia Mei 2022, vina swichi yao ya arifa kwenye mipangilio. Meta, wenye WhatsApp, waweke ya majibu papo hapo, chini yake. Hadi watakapofanya hivyo, pole ya mwenzako iitikie kwa kiemoji, na hesabu ya michango ianzishie ujumbe wake mpya.