Shela Inayoshonwa Mara Mbili

Shela nyingi zinazoingia makanisani Songea msimu wa harusi, mavuno yakishafika ghalani, ni za kukodi. Zinapendeza, na kwa familia nyingi ndizo zinazowezekana. Lakini mtazame bibi harusi anapopiga magoti katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Mathias Mulumba. Shela ya kukodi humbana mbavu na kumpanda kifuani, msimamizi akabaki na kazi ya kuivuta. Iliyoshonwa kwa mwili wake hushuka naye na kuinuka naye.

Fundi ninayemsifu hapa ni mama mmoja wa Majengo, mwenye cherehani ya miguu. Akishapima kifua, kiuno, nyonga na urefu, bado hashiki mkasi. "Kaa, mwanangu. Haya, inua mikono. Inama kidogo." Kila mara futi inarudi mwilini, kwa sababu mgongo wa aliyeinama ni mrefu kuliko wa aliyesimama, na ngoma ya lizombe ikipigwa ukumbini hakuna binti wa Kingoni atakayekaa ametulia.

Kisha anashona shela nzima kwa marekani, ile pamba ya bei nafuu ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Zanzibar karne ya 19 na misafara ikaisambaza bara. Shela hiyo haitavaliwa harusini. Anaipiga bandi, anamvisha binti, anatia chaki palipovimba, anafumua, anapiga bandi upya. Nimemwona akifumua bega kwa ajili ya mkunjo usiozidi punje ya mchele. Marekani ikishakubali, inafumuliwa yote, na vipande vyake ndivyo vinavyolazwa juu ya satini kuchorea.

Satini imesafiri kwa basi kutoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo ikiharibika hakuna duka la jirani la kukimbilia. Pini ikiitoboa, tundu hubaki. Ndiyo maana fundi huchoma pini ndani ya akiba ya mshono tu. Vipande vyote hukatwa vikielekea upande mmoja, la sivyo kwenye taa kimoja kitaonekana cheusi kuliko mwenzake. Sketi iliyokatwa mshazari hutundikwa kwanza, kitambaa kimalize kurefuka, ndipo pindo lipimwe. Na kwa kuwa kiangazi vumbi jekundu la Songea halina mlango lisioupita, sakafu hutandikwa shuka safi na mikono huoshwa mara kwa mara.

Shanga hazina njia ya mkato. Zinashonwa kwa mkono, na baada ya kila chache uzi unapigwa fundo, ili ukikatika wakati wa kucheza zidondoke mbili tatu, si safu nzima.

Ninachokipenda zaidi, wageni hawakioni. Ipindue shela ndani nje: bitana imelala bila mkunjo, mishono imefichwa, na ubavuni imeachwa akiba pana, maana mdogo wa bibi harusi anaweza kuihitaji na si lazima awe na kiuno kama cha dada yake. Hapo ndipo ufundi ulipo, na hapo ndipo bei inapostahili.

Kama una binti wa kuolewa mwakani, mpeleke kwa fundi mapema, usimpe mama wa watu wiki mbili. Na siku ya kupima pindo, avae viatu vile vile atakavyovaa kanisani.