Kamua Kwanza, Kausha Baadaye

Blanketi zito likifuliwa Olenguruone mwezi wa Julai, hakuna anayelianika likiwa bado linachuruzika. Watu wawili hulishika ncha mbili, mmoja akasokota kulia na mwenzake kushoto, mpaka maji yanamwagika chini kwa mpigo. Ndipo linapotundikwa kambani, na hata hapo litakaa siku mbili, kwa sababu ukungu wa Mau hauna huruma na nguo mbichi. Lisipokamuliwa litavunda kabla ya kukauka. Kanuni hiyo ya blanketi ndiyo inayotawala pia tope la vyoo na taka za sokoni.

Mjini Nakuru kuna kazi inayostahili sifa. Nawasscoal, kampuni iliyozaliwa na shirika la maji la mji huo, hugeuza tope la vyoo kuwa makaa ya kupikia. Tope huanikwa mpaka likauke, huchomwa katika tanuri lenye hewa haba, husagwa na kuchanganywa na vumbi la mbao lililochomwa vilevile, hutiwa molasi iwe gundi, kisha huzungushwa ndani ya pipa mpaka vitoke vidonge vya mviringo. Naivasha nako, Sanivation huchanganya kinyesi kilichouawa vijidudu kwa joto na vumbi la mbao, ikatengeneza kuni za viwandani. Katika safari hiyo yote, kukausha ndiko kunakomeza muda na nafasi. Nakuru ina jua la kutosha. Olenguruone, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ikiiga vitanda vya kuanikia jinsi vilivyo, itajikuta inafuga madimbwi.

Tupige hesabu. Tuseme lori la kunyonya vyoo limeleta kilo 10,000 za tope, na yabisi ndani yake ni asilimia 2, yaani kilo 200. Likitulia kwenye tangi, yabisi huzama na maji ya juu huondolewa. Tope likifika asilimia 5, limebaki kilo 4,000. Mvuto wa ardhi umetoa lita 6,000 bila malipo. Likikamuliwa kwa mashine mpaka asilimia 20, linabaki kilo 1,000. Hapo zimetoka lita 3,000 nyingine. Kulikausha mpaka asilimia 90 ni kuondoa lita 778 tu zilizosalia.

Sasa ondoa mashine katikati. Mzigo wa jua au moto unakuwa lita 3,778, karibu mara tano. Kuchemsha lita moja ya maji yenye baridi ya nyuzi 15 mpaka yote yawe mvuke hudai takriban megajuli 2.6. Lita 3,778 zinadai megajuli 9,800 hivi. Je, zile kilo 200 za yabisi zitarudisha nini zikichomwa? Uchunguzi wa tope la vyoo la Kampala, Kumasi na Dakar, uliochapishwa mwaka 2014, ulipata wastani wa megajuli 17 kwa kilo kavu. Kwa hiyo tunapata 3,400. Asiyekamua, akikausha kwa moto, anatumia karibu mara tatu ya nishati atakayoipata. Aliyekamua anahitaji kama 2,000, na bado tanuri litapoteza joto lingine njiani. Faida yenyewe ni nyembamba, na mkamuo ndio unaoifanya iwepo.

Lakini tope halikamuliki kama blanketi. Chembe zake ni ndogo mno, zinaelea zikisukumana kwa chaji zake za umeme. Ukilitia kwenye mashine lilivyo, ama litapenya pamoja na maji, ama litaziba matundu. Dawa yake ni polima, unga unaoyeyushwa majini na kushikanisha chembe. Jaribio lake hufanyika kwenye chupa angavu: tia tope, ongeza polima kidogo, pindua chupa polepole mara kadhaa. Ule uji wa kijivu unaanza kukatika kama maziwa yanayoganda. Madonge yanajitenga, na kati yake yanaonekana maji maangavu. Ukitikisa kwa nguvu, madonge yanavunjika na kazi imeharibika. Dozi ikipungua, tope hubaki uji. Ikizidi, linateleza na fedha zimepotea. Fundi anayelijua jaribio hili ana thamani kuliko mashine yenyewe.

Mashine inayofaa mji mdogo ni ya parafujo. Ndani yake mhimili wenye hesi huzunguka taratibu, katikati ya pete zilizopangwa zikiachiana nafasi nyembamba. Madonge husukumwa mbele, nafasi kati ya mizunguko ya hesi inazidi kubana, na sahani iliyo mlangoni inazuia yasitoke haraka. Maji hupenya kati ya pete. Mwishoni linadondoka bonge linaloshikika kwa koleo. Mpwani anayekama tui kwa kifumbu anaifahamu kazi hii. Ila kabla ya yote pawe na chujio la vyuma, kwa sababu vyoo vya shimo huleta matambara, pedi, plastiki na mchanga, na mchanga hula parafujo kama tupa.

Mkamuo una mpaka wake. Maji yaliyo huru na yaliyonaswa kati ya chembe hutoka. Yaliyo ndani ya seli hukaidi, nayo ndiyo kazi ya jua na moto. Tena mkamuo hauui mayai ya minyoo. Hubaki ndani ya bonge, na Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi yai moja katika gramu ya yabisi kavu kabla ya tope kutumika shambani. Anayempa mkulima wa viazi bonge lililotoka mashineni moja kwa moja anamgawia ugonjwa. Taka za kabichi na viazi zikatwekatwe na zikamuliwe peke yake, zikawe mboji, zisichafuliwe na tope la vyoo.

Viwanda vya chai vya ukanda huu vinalijua somo hili siku nyingi. Jani bichi lina maji kiasi cha robo tatu au zaidi ya uzito wake, na hakuna anayelipeleka tanurini likiwa hivyo. Kwanza hulazwa kwenye vihori, hupulizwa hewa, hunyauka kwa saa nyingi. Moto huja mwisho, kwa sababu moto ni ghali.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Kati ya zile kilo 10,000, karibu lita 9,000 zimetoka kama maji yenye amonia na vijidudu. Yakiachwa yateremke mtaroni, tumekausha tope na kutia sumu mito. Amala na Nyangores, inayoungana kuwa Mto Mara, huanzia milima hii ya Mau. Wahenga walisema mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Kwa hiyo yeyote atakayeleta mashine ya kukamua Olenguruone, na achimbe kwanza bwawa lenye matete la kusafishia maji hayo. Mashine ifuate bwawa.