Neno "Bishop" na Neno "Askofu"

Wako walimu wafundishao ya kuwa neno letu askofu limetoka katika neno la Kiingereza bishop, kwa kuwa yote mawili hutaja cheo kimoja. Tena wako wahubiri wasemao kwamba aliyejua asili ya neno amekwisha kuijua na kazi yenyewe. Fundisho la kwanza si kweli. La pili ni nusu ya kweli, nalo twaliona kuwa la hatari zaidi.

Asili ni Kiyunani, episkopos: epi, maana yake juu ya, skopos, maana yake mwangalizi. Kilatini kikalipokea kwa sura ya episcopus. Waingereza wa kale walilipata kwa njia hiyo; e ya mwanzo ikaanguka pamoja na us ya mwisho, p ya kwanza ikawa b, wakaandika bisceop, na sc ile ikatamkwa sh. Kwa njia nyingine neno lilipita katika Kisiria, likaingia Kiarabu likawa usquf. Na kwa kuwa Kiarabu hakina p, f ikasimama mahali pake. Huko ndiko tulikolipata sisi.

Na tuyalinganishe, basi. Ile p ya bishop ndiyo f ya askofu, na sh ndiyo sk; lakini b haina mwenzi katika neno letu. Hayo si mzazi na mtoto, bali ni wajukuu wa babu mmoja. Wafaransa nao husema évêque, lisiloshiriki na bishop hata herufi moja, na bado ni la ukoo ule ule.

Kwa habari ya maana, katika karne ya 5 kabla ya Kristo Waathene waliwaita episkopoi maofisa waliotumwa kuiangalia miji iliyokuwa chini yao. Kanisa likalichukua neno hilo, likalipa kazi mpya. Hata wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 waliandika "waangalizi" kwa lugha yao katika Matendo 20:28, na bishops katika Wafilipi 1:1, ingawa neno la Kiyunani ni moja.

Kwa hiyo mhubiri atakaye kuamua mamlaka ya askofu kwa asili ya neno peke yake hujenga juu ya mchanga. Hana budi kuuliza pia wale walioliandika walilitumiaje.