Kwamboka bila mto: maana ya neno na kazi ya jina

Hebu tulitazame jina Kwamboka. Katika orodha za majina ya Kiafrika zinazosambazwa kwa wazazi siku hizi, jina hili hufasiriwa kwa maneno mawili tu: 'kuvuka mto'. Basi, yameisha!

Fasiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, mto haumo katika neno. Kwamboka ni kitenzi-jina cha Ekegusii: ko- imekutana na -amboka, ikawa kw-, sawa na ku- ya Kiswahili katika kwenda na kwisha. Maana yake ni kuvuka. Mto umeletwa na simulizi: mama alishikwa na uchungu safarini, akajifungua alipokuwa akivuka. Jina hilo, basi, ni habari ya tukio. Ndivyo lilivyo pia Nyanchera, litokanalo na enchera, yaani njia, na ndivyo yalivyo Oyoo na Ayoo kwa majirani zetu Waluo.

Kasoro ya pili ndiyo nzito. Ukiita "Kwamboka!" hapa sokoni Kiogoro, huenda wakageuka akina mama na wasichana kadhaa. Wangapi walizaliwa mtoni? Wengi walizaliwa hospitalini, wakapewa jina la nyanya aliyetangulia mbele za haki. Tukio lilikuwa la mtu mmoja wa zamani. Waliofuata wamerithi mtu, si mto. Chukua Moraa. Mgusii alisikiapo jina hilo haanzi kuchambua mzizi. Humkumbuka Moraa wa Ng'iti, aliyemhimiza Otenyo amchome mkuki afisa Mwingereza, Northcote, mnamo Januari 1908.

Mtasema huu ni ubishi wa wasomi. La hasha! Mzazi akishaambiwa kwamba Kwamboka ni kuvuka mto na kwamba hakuna kingine, atajiuliza: "Wangu kazaliwa wodini, jina hili la nini?" Ataliacha, au atalifupisha liwe herufi K. kwenye cheti cha shule. Hapo nyanya naye amefutwa.

Kwa hivyo, nawaomba wanaotunga orodha hizi watenganishe mambo mawili: neno linasema nini, na jina linafanya kazi gani. La kwanza utalipata kwenye kamusi. La pili sharti uwaulize wenyewe: huyu mtoto ameitwa nani?