Kabla ya Kupanda Tangi la Mawese

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya ziwa kuja Rumonge, michikichi inakupokea kabla ya mji. Mawese ni kazi ya hapa, pamoja na uvuvi wa ndagala na mikeke. Na kazi ya mawese haiishii kwenye kukamua: lazima yatulizwe yakiwa moto, mafuta yapande na mashapo yashuke. Wengi hutumia mapipa. Mwenye kinu akipanuka hujengewa tangi la chuma lililo wazi juu, na kuanzia siku hiyo kuna kijana atakayezunguka kwenye mdomo wake na upawa mkononi, mafuta ya karibu nyuzi 90 yakiwa pembeni mwake. Njia atakayoikanyaga ikague wewe mwenyewe kabla hujamlipa fundi.

Anza na mdomo, njia baadaye. Tangi lisilo na kifuniko ni kama mtumbwi wa mbao ambao haujapigiliwa mbao za kukatiza: ukiuegemea, ubavu unacheza. Ukuta wa milimita 5 unayamudu mafuta kwa sababu yanausukuma pande zote sawasawa. Ukiukandamiza mahali pamoja, unabonyea. Kwa hiyo mdomo uzungukwe na pete ya chuma cha pembe isiyokatika popote. Simama mbali, fumba jicho moja, fuata mstari wa mdomo. Ukiona umepinda kila penye mkono wa kubebea njia, ama pete ni nyembamba ama haipo.

Fundi hodari huifanya njia na pete kuwa kitu kimoja. Haitundiki juu kabisa; huishusha kama mita 1.1 chini ya mdomo. Hapo ukuta wa tangi wenyewe unamkinga mtu upande wa mafuta, reli inahitajika upande wa nje tu, na njia inakuwa mshipi wa kulikaza tangi. API 650, kanuni ya Marekani ya matangi ya mafuta, inapendekeza vivyo hivyo, na inataka pete inayotumika kama njia iwe na upana usiopungua milimita 710. Kwangu hii ndiyo alama ya kwanza ya ufundi: njia inayolisaidia tangi, siyo inayolining'inia.

Sasa piga magoti utazame mikono kwa chini. Mtu mwenye ndoo iliyojaa ana kama kilo 100. Akisimama sentimita 60 kutoka ukutani, na mkono umeshika ukuta kwa urefu wa sentimita 20 tu, sehemu ya juu ya mkono inauvuta ukuta kwa nguvu ya kilo 300, na ya chini inausukuma kwa kiasi hichohicho. Mkono huohuo ukishuka sentimita 60 ukutani, na chuma cha mshazari kikitegemeza ncha yake, nguvu inapungua hadi kilo 100. Chuma kilichoongezeka ni kidogo sana. Ndiyo maana mikono mifupi inaniudhi kuliko rangi mbaya.

Kati ya mkono na ukuta pawe na bamba la kiraka, pembe zake zimeviringwa, na lisikae juu ya mshono wa wima wa tangi. Pitisha kidole kuzunguka kiraka. Mshono wa kuchomelea uwe umefunga pande zote. Ukiwa wa vipandevipande, unyevu wa ziwa unaingia nyuma, na baada ya masika utaona chozi jekundu la kutu likiteremka ukutani. Kisha chukua tochi utazame ndani, mahali palepale. Kama tangi lilikuwa limeshapakwa rangi ndani, moto wa nje umeiunguza, na asidi ya mawese itaanza kula chuma hapo.

Joto nalo lina madai yake. Tangi la kipenyo cha mita 4 likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 90, mzingo wake unaongezeka kama sentimita moja. Pete ibaki nzima, lakini sakafu ya njia inayolazwa juu yake ikatwe vipande vyenye nafasi kati yake, matundu ya bolti yawe marefu kidogo. Sakafu iliyochomelewa yote pamoja itapasua mishono yake yenyewe.

Kuna wanaochanganya: upande mmoja njia imeshikwa na tangi, upande wa pili ina nguzo ardhini. Kataa. Tangi likijaa linadidimia kivyake, nguzo kivyake, na ardhi ya ufukweni, hasa baada ya ziwa kupanda kama mwaka 2024, haiaminiki. Njia ibebwe yote na tangi, au yote na nguzo zake.

Sakafu iwe ya wavu wa chuma. Bamba tupu likipata mawese ni utelezi mtupu. Reli ifike mita 1.07, na chini yake pawe na ukingo wa kuzuia zana isimwangukie aliye chini.

Mwishoni, jaza tangi maji, pima kwa rula kimo cha ncha ya mkono mmoja kutoka ardhini, kisha pandisha mifuko 9 ya saruji ya kilo 50 hapo hapo juu ya ncha, watu wakae mbali. Iache usiku kucha. Asubuhi ishushe, pima tena. Ncha isiporudi ilipokuwa, hata kwa milimita 2, fundi alete tena mashine yake.